Upande wa Pili wa Ukili

Saa tisa za usiku Lamu husikia mashua zikigongana gatini, na punda mmoja wa Langoni ambaye sijui huwa analilia nini. Ndiyo saa makala mapya ya hisabati yanapoingia arXiv. Kule Marekani ni saa mbili za usiku, watu wametoka kazini. Huku kwetu mji umelala. Ikifika Novemba Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, basi yanaingia saa kumi. Nimeizoea ratiba hii miaka mingi, na Ramadhani ndiyo hunipendeza zaidi, kwa kuwa nyumba nzima iko macho kwa daku na hakuna wa kushangaa kwa nini nimeikodolea simu. Mke wangu huuliza tu, "Wamekuandikia nini yeo?" kana kwamba yote yale ni barua zangu.

Kwa asiyeijua, arXiv ni ghala la makala ya kisayansi ambalo mwanafizikia Paul Ginsparg alilianzisha mwaka 1991. Mtafiti akimaliza kazi yake huiweka pale hata kabla jarida halijaichapisha, na yeyote mwenye bando huisoma bure. Bila ghala hilo nisingekuwa na cha kuandika hapa. Mji wetu una vyuo vya dini vya kujivunia, una hati za kale, una washairi wasio na idadi, ila maktaba ya majarida ya hisabati hauna.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Shahada ya uzamili niliimaliza Nairobi mwaka 2012, baba akaugua, nikarudi nyumbani kwa "mwaka mmoja tu" kabla ya kuanza uzamifu. Ule mwaka mmoja haujaisha. Baba alipona, nikaoa, nikapewa vidato vinne vya kufundisha, na madaftari yangu ya chuo yakaliwa na kuvu sandukuni kwa ule unyevu wa chumvi ambao kila mwenye kitabu Lamu anaujua.

Kilichonirudisha ni namba. Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa University of New Hampshire aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 60, alithibitisha kwamba ziko jozi zisizo na mwisho za namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zinazoachana kwa chini ya 70,000,000. Mtu akisikia hivyo hucheka, kwa sababu swali lenyewe ni la pacha: 11 na 13, 17 na 19, namba tasa zinazoachana kwa 2. Je, pacha hao wana mwisho? Ukilinganisha na 2, milioni 70 ni kama kutafuta pete chumbani ukaambiwa iko Afrika Mashariki. Lakini kabla ya Zhang hapakuwa na kiwango chochote, hata bilioni, hata trilioni.

Ndipo watu wakaingia kazini kwa pamoja, wengine hawajaonana maishani, katika mradi wa wazi ulioitwa Polymath, mwanahisabati Terence Tao akiwa mmoja wa wanaouongoza. Kila mmoja anapunguza kidogo anapoweza. Namba ikawa inashuka wiki kwa wiki, wakati mwingine siku kwa siku. Watu barazani Mkunguni walikuwa wanafuata ligi ya Uingereza, mimi nafuata ile namba. Nilikuwa naiandika asubuhi kwenye pembe ya ubao darasani, na wanafunzi wa kidato cha tatu wakaanza kuweka dau la mahamri juu ya itakuwa ngapi Ijumaa. Julai ilifika 4,680. Novemba James Maynard, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza uzamifu, akaja na njia yake mwenyewe akaifikisha 600. Mwaka uliofuata ikatua 246, na pale imekaa.

Kuna jambo moja katika mradi ule ambalo sikulipata darasani hata siku moja. Wale wakubwa walikuwa wakikosea hadharani. Mtu anaandika hatua, mwingine anamwambia haifai, anasema kweli, anafuta, wanaendelea. Chuoni nilizoea uthibitisho uliokwisha kupigwa pasi. Sikujua kwamba hata kwao nguo hutoka na mikunjo.

Funzo hilo ningelichukua ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nilichukua lile jingine, la magazeti: Zhang mpweke, Zhang aliyefanya kazi miaka bila mtu kumjua. Nikajiona mimi na yeye damu moja. Miaka mitatu nikajifungia chumba cha juu na namba pacha, kila usiku baada ya isha, bila kumwonyesha mtu. Nilisahau kwamba Zhang alisimama juu ya kazi ya Goldston, Pintz na Yıldırım, watu waliofika karibu kabisa na mlango ule kabla yake, na kwamba upweke wa mtu aliyezungukwa na chuo kikuu si upweke wa mtu anayesoma kwa simu ya kioo kilichopasuka. Kilichotoka katika miaka ile mitatu ni rimu mbili za karatasi. Mke wangu aliziuza kwa muuza karanga, kwa idhini yangu.

Nilipoamua kuuliza watu, nikaumbuka. Nilipeleka swali langu la kwanza kwenye jukwaa moja la intaneti, na kabla ya nusu saa lilikuwa limefungwa: halieleweki. Niliona aibu ile ya mtoto aliyetolewa nje ya darasa. Nikakaa wiki nzima sifungui simu ila kwa M-Pesa. Nilipolisoma tena nikaona walikuwa na haki. Nililiandika kama mtu anayeomba fatwa kwa sheikh mgeni, salamu ndefu, historia ya maisha yangu, heshima tele, na mwisho wake hakuna anayejua nataka nini. Nikaliandika upya: hiki ninakijua, hiki nimekijaribu, hapa nimekwama. Mistari sita. Asubuhi nikakuta jibu la mistari miwili, mfano mmoja mdogo uliovunja dai nililolilea miezi minane. Aliyeniandikia simjui mpaka leo, jina lake lilikuwa herufi tatu na tarakimu. Nilimwombea dua.

Kutoka hapo nikapata jamaa. Tuko watano katika kundi la WhatsApp: mwalimu wa Zanzibar, mwanafunzi wa Kampala, mhandisi mstaafu wa Uholanzi, mhadhiri wa chuo kimoja hapa pwani ambaye nitamwita Daktari tu, na mimi. Tunasoma makala moja, ukurasa mmoja kwa wiki, wala hatuna haraka. Kuandika hisabati kwa simu ni adhabu, kwa hiyo tunapiga picha madaftari au tunatuma sauti. Yule wa Zanzibar na mimi hutumiana sauti kwa Kiswahili, na nusu ya muda tunagombana juu ya maneno. Ulinganifu, sawa. Kigae, sawa. Lakini lile tendo la kusogeza mchoro huku ukiugeuza kama nyayo za mtu mchangani, kushoto kulia kushoto kulia, uliiteje? Yeye alitaka neno zito la Kiarabu. Mimi nikasema "nyayo". Limebaki nyayo.

Sijasahau mikutano mikubwa. Mwaka 2022 kongamano la dunia la wanahisabati lililokuwa lifanyike St. Petersburg lilihamishiwa mtandaoni, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa Lamu akapata kiti sawa na profesa wa Paris, bila viza, bila barua ya mwaliko. Nilisikiliza mihadhara nikiwa dakani na kikombe cha kahawa. Nilifurahi mno. Ukiniuliza leo nilisikia nini, nitakwambia kahawa ilikuwa nzuri.

Basi mwaka 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, yule mhandisi akatutumia makala ya kurasa zaidi ya 80 yaliyokula bando langu lote. Ilikuwa habari ya kofia.

Swali lake hata fundi wa sakafu analielewa. Vigae vya mraba vinajaza sakafu, lakini mchoro wake unajirudia: sogeza hatua moja, ni uleule. Je, kuna vigae vinavyojaza sakafu isiyo na mwisho bila kuacha mwanya, na kwa namna yoyote utakayovipanga mchoro usijirudie kamwe? Robert Berger alivipata mwaka 1966, lakini alihitaji aina 20,426. Roger Penrose, miaka ya sabini, akashuka mpaka aina mbili. Aina moja? Hapo watu walikwama karibu miaka 50. Aliyekwamua ni David Smith wa Yorkshire, Uingereza, fundi mstaafu wa uchapishaji, asiye na shahada ya hisabati, anayependa kukata maumbo ya karatasi. Alikata umbo la pande 13, ndilo hilo lililopewa jina la kofia, akaona halitaki kujirudia, akamwandikia Craig Kaplan wa University of Waterloo, Kanada. Wawili wakawa wanne, Joseph Myers na Chaim Goodman-Strauss wakaingia, na uthibitisho ukatimia.

Nilikata kofia zangu kwenye katoni za mafuta ya kupikia, usiku baada ya tarawehe. Mia mbili hivi. Nilizipanga barazani, na wazee wanaoshona kofia wakaacha sindano zao kuja kutazama. Kumbuka huu ni mji ambao kofia ya kushona kwa mkono ni sanaa yenye mabingwa wake. Mmoja alikishika kipande, akakizungusha, akauliza, "Hii ni kofia ya kichwa gani, mwalimu? Chenye pembe?" Jina hilo sikulitunga mimi, nikamwambia.

Mama mdogo alikuwa amekuja kufunga Ramadhani kwetu kutoka Matondoni. Yeye ni msusi wa mikeka. Miyaa haitoki mkononi, anasuka akizungumza, anasuka akisikiliza redio, nadhani usingizini pia anasuka. Alizitazama kofia zangu kitambo bila kusema kitu. Kisha akanyoosha kidole, hapa, na hapa, na pale.

"Hizi umezipindua."

Ndivyo. Kofia zile hazijai sakafuni mpaka baadhi uzilaze kwa mgongo. Kwa kila saba hivi za kawaida iko moja iliyopinduliwa. Nikamwambia inaruhusiwa.

"Kigae cha sakafu hakipinduliwi," akasema. "Kina uso na kina mgongo. Hapo mna namna mbili mwaita moya."

Sikujibu, kwa kuwa ndilo pingamizi lenyewe lililokuwa likizungumzwa na wataalamu wiki zile. Mwisho wa Mei wale wanne walitoa umbo la pili, jamaa wa karibu wa kofia, lisilohitaji kupinduliwa hata kimoja. Nilipompigia mama mdogo simu kumweleza alisema ahsanta, akauliza kama nimempelekea ile dawa ya goti.

Tangu usiku ule nilianza kuitazama mikono yake. Ukili, kwa wasiojua, ni ule mshipi mrefu wa miyaa iliyosukwa, upana wa vidole vitatu vinne, ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka au msala. Miyaa huenda mshazari, mmoja unapanda kulia, mwingine kushoto, na ukifika ukingoni unakunjwa kurudi. Mchoro wake unajirudia kwa urefu. Na hapo hisabati ina neno la zamani: pambo lolote linalojirudia kwenye mshipi lina ulinganifu wa aina 7 tu, hakuna ya nane. Lipo linalosogea bila zaidi, lipo la nyayo, lipo unaloweza kulizungusha kichwa chini likabaki lilelile, yapo manne yenye kioo ndani yake, yaani mstari ambao upande wake mmoja ni taswira ya mwingine, ama kioo cha kulala kwa urefu, ama cha kusimama, ama vyote viwili.

Nikapiga picha. Kila ukili uliopita Matondoni na mjini niliulaza juu ya meza na kuupiga picha, zaidi ya vipande 40. Nikachora kwenye karatasi za miraba. Nikadai: aina zote 7 zinawezekana katika msuko wa ukili, na hii hapa mifano. Kundi likapenda. Mhandisi akanichorea upya michoro yangu kwa kompyuta, safi kama ya kitabu. Mwanafunzi wa Kampala akasahihisha Kiingereza. Mwaka ukapita, nikawa na rasimu ya kurasa sita, na kusema kweli nikaanza kulisikia jina langu likitokea saa tisa za usiku.

Daktari alitaka tuipitie sote watano kwa video Mei 2024. Wiki hiyohiyo, tarehe 12, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zikakatika. Tulijaribu. Uso wake uliganda kwenye kioo cha simu mdomo wazi, akiwa katikati ya neno ambalo halikumalizika. Akaandika: "Likizo ya Agosti njoo Malindi, ni nusu ya njia yangu na yako." Kwangu haikuwa nusu, ilikuwa njia nzima. Lakini nilikubali.

Ningekwenda na rasimu tu. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi na kwenye simu. Mama mdogo ndiye aliyenisimamisha mlangoni.

"Wenda kwa mtu mikono mitupu?"

"Ni kazi, mama. Si harusi."

Akatia kikapuni bunda la ukili mweusi na mwekundu, mkubwa wa kutosha kumaliza msala. Zawadi. Na mimi, niliyeandika kurasa sita juu ya ukili, sikufikiria hata mara moja kuubeba.

Safari ya Malindi wanaijua wenye kuijua: mashua ya alfajiri mpaka Mokowe, basi, Witu, vizuizi, Garsen, vumbi, kibao cha Malindi ukiwa umeshasahau mgongo ni wako. Tulikutana kwenye mkahawa karibu na soko. Ni ajabu kumwona mtu ambaye umemjua kwa sauti miaka mitatu. Ni mfupi kuliko sauti yake. Tukajuliana hali, tukaagiza chai na viazi vya karai, nikamkabidhi zawadi ya mama mdogo, naye akaupokea kwa mikono miwili akaulaza mezani kati yetu, akasukuma sahani kando. Rasimu ilikuwa bado mfukoni.

"Mwalimu," akasema, "aina zako nne zina kioo. Huu nao una kioo?"

"Una. Ni kama mchoro wa nne."

"Nionyeshe kiko wapi."

Nikapitisha ukucha katikati ya ukili kwa urefu. Rangi nyekundu juu, nyekundu chini, sawasawa.

"Sawa. Sasa sahau rangi. Hapa ukucha wako ulipo, miyaa miwili inapishana. Upi uko juu?"

"Huu unaopanda kulia."

"Kioo kikiugeuza?"

"Utapanda kushoto."

"Ukiwa juu au chini?"

"Juu. Kioo hakibadilishi juu na chini, kinabadilisha..." Nikanyamaza.

"Na huo unaopanda kushoto, mahali hapohapo, sasa hivi uko wapi?"

Uko chini. Nilikuwa nauona kwa macho yangu. Hapo pana miyaa miwili, na miwili haiwezi yote kuwa juu.

Masikio yalinipata moto. Nikahamisha ukucha pembeni kidogo, nikitafuta mstari mwingine ambao hautapita kwenye mapishano, na yeye akanyamaza, akinywa chai, akiniacha nijitafutie mwenyewe. Hakuna mstari kama huo. Mwaa wowote unaokata mstari wa kioo unagusana na taswira yake papo hapo mstarini, kwa hiyo kila kioo kitapita katikati ya mapishano, na kila mapishano yatakikataa. Kioo cha kusimama, hivyohivyo. Aina nne zikafa mezani kabla viazi havijapoa. Zikabaki tatu: kusogea, nyayo, na kuzungusha kichwa chini. Michoro yangu minne mizuri ilikuwa michoro ya rangi. Msuko wenyewe haukuwa na habari nayo.

"Mbona rangi zinaonyesha kioo?" nikauliza, zaidi kwa kujitetea.

Hakunijibu kwa maneno. Aliushika ukili kwa kingo zake, akaupindua, mgongo ukawa uso, akaulaza tena palepale. Mchoro ulikuwa uleule. Mwaa uliokuwa unapanda kushoto chini sasa unapanda kulia juu, mahali palepale mwenzake ulipokuwa. Kile nilichokiita kioo kwenye picha, mkononi kilikuwa ni kupindua. Na ukihesabu ulinganifu wa mshipi wenye pande mbili, unaoweza kupinduliwa, akaniambia, aina haziwi 7 tena, zinakuwa 31.

Nilikaa nikiuangalia. Zaidi ya picha 40, na sikuwahi kupiga hata moja ya upande wa pili. Nani angeuliza? Wale watatu waliona nilichowaonyesha. Hata Daktari, alikiri, alipoisoma rasimu kwenye simu hakuona kasoro. Alihisi kitu tu, ndilo lile neno lililogandia mdomoni mwake Mei. Hakukijua ni nini mpaka kitu chenyewe kilipolazwa karibu na chai yake. Na nilikumbuka usiku wa kofia, kile kidole: hizi umezipindua.

Kuna mambo mawili mengine ya siku ile. La kwanza liliuma kidogo: hata hili la tatu badala ya saba halikuwa geni. Branko Grünbaum na Geoffrey Shephard walikuwa wakiandika juu ya jiometri ya vitambaa tangu mwaka 1980, na kule Msumbiji Paulus Gerdes alikwisha kuvichunguza kwa makini vikapu vinavyosukwa Inhambane na mapambo ya mishipi yake. Gerdes alifariki mwaka 2014, miaka ambayo mimi nilikuwa chumba cha juu na namba pacha. Ningeweza kumwandikia. Ilikuwa inawezekana kabisa.

La pili lilinifuta machozi. Daktari alinisogezea ukili akasema, "Hapa sasa nifundishe wewe." Kidole chake kilikuwa ukingoni, pale mwaa unapokunjwa. Vitambaa vya kwenye makala havina mkunjo huu, nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja bila mwisho. Ukili una ukingo, mwaa uliopanda kulia unarudi ukipanda kushoto, na rangi yake inarudi nayo. Je, idadi ya miyaa ikiwa shufwa au witiri, mkunjo unaruhusu zipi kati ya zile 31? Hakujua. Mimi pia sikujua, lakini nilimjua anayejua, au angalau ambaye vidole vyake vinajua. Tulikaa pale mpaka mwenye mkahawa akaanza kupandisha viti juu ya meza.

Desemba Daktari alikuja Lamu. Sikuwa na la kufanya ila kutafsiri, na hata tafsiri haikuhitajika sana. Walikaa mkekani siku mbili. Mama mdogo alimtia miyaa mikononi kabla ya kumpa chai, na kila alipokosea alimfumulia mpaka mwanzo. "Ndoo utizame kwa mato, si kwa kalamu," alimwambia, na mwenye uzamifu wake akaiweka kalamu chini. Nilirekodi vidole kwa simu, video fupifupi, nikazipeleka kwenye kundi, na safari hii nilipiga pande zote mbili. Mwanafunzi wa Kampala aliona kwenye video moja jambo la mkunjo ambalo sisi watatu tuliokuwa chumbani hatukuliona. Sasa ni yeye anayeandika sehemu hiyo, nami nimerudi kuwa msaidizi, cheo ninachokimudu.

Tumepanga kuonana kila likizo, Malindi au hapa, nauli tunachangiana. Kundi linaendelea kati ya likizo na likizo. Rasimu sasa ina kurasa mbili, nne zimekufa, na saa tisa za usiku naamka bado, ila nasoma ya wenzangu bila lile jicho la husuda.

Wiki iliyopita mhandisi wa Uholanzi aliomba apelekewe vipande vitatu kwa posta. Amechoka na video, anasema, anataka kuvishika. Nilivikata urefu wa mkono, nikavikunja ndani ya gazeti, nikachukua karatasi ndogo za kubandika ili niandike kwenye kila kimoja upande gani ni wa mbele, asije akachanganyikiwa. Nikaona bora niulize kwanza.

"Mama, mbele ya ukili ni wapi?"

Hakuinua kichwa. "Ni upande utakaouketia."

Nikazirudisha zile karatasi mfukoni, nikafunga bahasha.